Taa kwenye Kitako cha Mshale

Mshale unaoachiwa jioni hauonekani. Upinde wa kapi wa siku hizi huurusha kwa kasi inayozidi mita 80 kwa sekunde, na kulungu aliyesimama umbali wa mita 25 hufikiwa ndani ya theluthi moja ya sekunde. Mwindaji aliyekaa juu ya dungu lake mtini husikia mlio wa ugwe, husikia kishindo kidogo, huona mkia mweupe ukitokomea kati ya miti, basi. Yote yaliyo muhimu yametokea wakati jicho lake bado limeng'ang'ania pale alipolenga. Anajua alikusudia kupiga wapi. Alikopiga hakujui.

Ninaishi Wisconsin, jimbo lililofungua msimu maalumu wa kuwinda kwa upinde mwaka 1934, mbele ya majimbo mengine yote ya Marekani. Nikiwasimulia ndugu zangu wa nyumbani kwamba watu wenye maduka yaliyojaa bunduki huchagua upinde kwa hiari yao, huuliza kwa nini. Jawabu la haraka ni kwamba upinde unakulazimisha usogee. Mwenye bunduki anaweza kumpiga mnyama aliye mita 200, asiyejua kabisa kama kuna mtu. Mwenye upinde hana budi awe karibu kiasi cha kuona kope, na katika umbali huo mnyama ana pua, masikio na subira kumzidi. Mara nyingi anayerudi nyumbani na chake ni mnyama.

Lakini kuna jawabu la pili ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linalonishughulisha hapa. Risasi huua kwa kishindo na kupasua. Mshale huua kwa kukata. Kigumba chenye makali mawili au matatu ya wembe hupenya kifua, mishipa inafunguka, damu inatoka, na mnyama huanguka akiwa ameshakimbia mita 50, pengine 100, pengine zaidi. Hata pigo safi kabisa humwacha mwindaji peke yake juu ya mti, na mnyama aliyejeruhiwa mahali asipoweza kumwona. Kuna kazi inayoanza baada ya mshale kuondoka, na kazi hiyo ni nzito kuliko ya kulenga. Nimewaona watu wenye shabaha ya kusifiwa uwanjani wakashindwa na kazi hiyo ya pili, kwa sababu hakuna aliyewafundisha, na kwa sababu inafanywa gizani, kwa magoti, bila watazamaji.

Hapo ndipo noki ya taa inapoingia. Noki ni kile kipande kidogo cha plastiki kilicho kwenye kitako cha mshale, chenye mpasuko unaoshika ugwe. Ile ya kawaida hushika ugwe na kusukumwa nao, haina kazi nyingine. Ile ya taa imetengenezwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, na ndani yake mna kitaa cha LED kilichounganishwa na betri nyembamba ya lithiamu inayozama ndani ya uwazi wa mshale. Ni betri za aina ileile ambazo wavuvi wa usiku huzitia kwenye maboya ya mishipi yao. Mshale ukiwa umetulia kwenye upinde, taa imezimwa. Ugwe unapoachiwa, nguvu yake huisukuma noki mbele kidogo tu, swichi inafunga, taa inawaka. Katika noki za chapa ya Lumenok, mshale wenyewe huwa sehemu ya swichi: kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo noki ikididimia hadi kugusa mdomo wa mshale mzunguko unakamilika, na ukiivuta nje kidogo inazima. Nyingine zina kitufe cha ndani kinachogongwa na ugwe, na kuzizima kunataka ncha ya kisu au pini. Zinauzwa tatu tatu, kwa dola 30 hivi, bei ambayo ingekununulia noki za kawaida za kutosha msimu mzima na wa pili yake.

Anachokiona mwindaji ni mstari wa rangi, mwekundu au wa kijani, ukikata hewa toka kwake hadi kwa mnyama. Unadumu muda mfupi sana, lakini jicho huushika kama lisivyoweza kuushika mshale mtupu. Mahali mstari unapozimikia ubavuni ndipo mshale ulipoingia. Na upande wa pili, kama umepenya na kutoka, kuna nukta inayowaka kwenye majani makavu, nayo itaendelea kuwaka kwa saa nyingi.

Nukta hiyo ina thamani kuliko mstari. Mshale uliopita ndani ya mnyama ndio shahidi mkuu wa kilichotokea, na shahidi huyo ni mweusi, mwembamba, kipenyo chake milimita sita au saba, na amelala chini ya majani ya mwaloni yaliyorundikana toka Oktoba. Bila taa unaweza kumkanyaga usimwone. Ukimpata, mwinue kwa kigumba, mgeuze polepole mbele ya tochi, umsome toka mbele hadi nyuma. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa na ina vipovu vidogo, kwa kuwa imechanganyika na pumzi. Damu ya ini ni nzito, imeiva, karibu na kahawia. Mshale uliopita tumboni hutoka na majimaji ya kijani na vipande vya mbegu za mwaloni zilizotafunwa. Ukiunusa hubaki na swali. Manyoya nayo husomwa: ya tumbo ni meupe na marefu, ya mgongo ni meusi zaidi kwenye ncha, na yakiganda kwenye mabawa ya mshale hukuambia ulipita wapi.

Usomaji huo ndio unaoamua maisha ya saa zinazofuata. Aliyepigwa mapafuni huachwa nusu saa, kisha hufuatwa, na kwa kawaida huwa ameshakufa. Wa ini huachwa saa nne hivi. Wa tumboni huachwa saa nane, kumi na mbili, usiku kucha, kwa sababu akiachwa kwa amani hulala chini si mbali, na hapo ndipo utakapomkuta. Akifuatwa upesi huinuka na kwenda, akaenda tena, hadi mahali ambapo hakuna mtu atakayempata, akafe kifo cha siku mbili. Haraka ya dakika 20 inaweza kuzaa mateso ya namna hiyo, na mwenye haraka huwa ni mtu mwenye nia njema, anayetaka kumaliza jambo. Kusubiri kunamhitaji mtu ajue, na kujua kunahitaji mshale uwe mkononi.

Niongeze jambo ambalo wengi huku hawalitaji. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya, mmoja katika kila 12 hivi hatofautishi vizuri rangi nyekundu na kijani. Kwa mtu wa namna hiyo tone la damu juu ya jani la mwaloni au la mepo lililogeuka rangi halipo kabisa; anapita juu yake akiwa na tochi nzuri na nia safi. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa, wakadhani tu kwamba wao ni wafuatiliaji wabovu. Taa kwenye mshale haiwapi macho mapya, lakini inawapa mahali pa kuanzia ambapo hapategemei rangi ya tone.

Taa pia hupinga kumbukumbu, na hili nalipenda kuliko mengine. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, mara nne ya kasi ya mshale, kwa hiyo kulungu husikia ugwe kabla kigumba hakijafika. Kulungu mtulivu anaweza asijali. Kulungu mwenye wasiwasi hukunja miguu ili apate nguvu ya kurukia, na katika kukunja huko mwili wake wote hushuka, pengine kwa upana wa kiganja, pengine zaidi. Mshale uliotumwa moyoni hukuta mgongo. Mwindaji ataapa kwamba alipiga palepale nyuma ya bega, na hatakuwa mwongo, kwa maana ndipo alipolenga, na akili huyajaza matupu kwa kile ilichokitaka. Mstari wa mwanga unamwonyesha kitu kingine: ulikwenda juu. Au uliingia nyuma mno. Anajua kabla hajashuka mtini kwamba usiku huu ni wa kusubiri.

Na kuna jioni ambazo mshale haupenyi. Umegonga mfupa wa bega, umekwama, na taa inaondoka pamoja na mnyama. Unaiona ikirukaruka kati ya mashina, ikijificha, ikitokea tena mbali, hadi kilima kinaimeza. Sijui kitu kigumu kukitazama kama hicho katika uwindaji wote. Zamani, pigo kama hilo lingeweza kuhesabiwa kuwa limekosa. Mtu angetafuta mshale kidogo, asiuone, ajiambie umepita juu ya mgongo ukapotelea vichakani, kisha aende nyumbani akale. Utafiti uliofanyika Maryland, katika kambi ya jeshi la majini ya Indian Head, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba kati ya kulungu 908 waliopigwa kwa mishale, 162 hawakupatikana, yaani asilimia 18, na hao walikuwa wawindaji waliopimwa shabaha kabla ya kuruhusiwa. Wamo kati ya hao 162 waliopona, maana jeraha la misuli hupona. Lakini wamo ambao hawakupona. Anayewinda kwa upinde anabeba hesabu hiyo apende asipende, na chombo kinachomzuia asijidanganye juu yake nakiona ni chombo chema.

Si wote waliokubali hivyo, na mabishano yao yalikuwa ya watu makini. Ili kuyaelewa inabidi kurudi nyuma, kwa mtu aliyeitwa Ishi. Agosti 1911, mtu mmoja wa kabila la Wayahi alitokea Oroville, California, akiwa wa mwisho wa watu wake. Wengine walikuwa wameuawa na walowezi au wamekufa kwa njaa na maradhi. Alipelekwa kuishi kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na hapo alijuana na daktari wa hospitali ya chuo, Saxton Pope. Pope alimtibu, na Ishi alimfundisha kuchonga upinde, kunyoosha mshale, kuvizia, kunyamaza. Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Pope aliendelea, pamoja na rafiki yake Arthur Young, na mwaka 1923 akatoa kitabu kilichowasha upya hamu ya Wamarekani ya kuwinda kwa upinde. Mwaka 1925 wawili hao walivuka bahari hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, huku mwenzao Stewart Edward White akiwalinda kwa bunduki. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kutafakari hapo: wageni walikuja na pinde kwa ajili ya majaribio na sifa, katika nchi ambayo wenyeji wenye pinde walikuwa wanaanza kuitwa majangili.

Chama kilichochukua majina yao, Pope and Young Club, kilianzishwa mwaka 1961. Ndicho kinachotunza kumbukumbu za pembe kubwa zilizopatikana kwa upinde katika Amerika ya Kaskazini, na kimekuwa kikali juu ya kile wanachokiita mawindo ya haki: mnyama awe huru, asiwe ndani ya uzio, asifukuzwe kwa gari, na upinde au mshale usifungwe chombo chochote cha elektroniki. Noki ya taa ina betri, kwa hiyo ilianguka chini ya katazo hilo bila mjadala. Mtu angeweza kumpiga kulungu kwa uadilifu wote, akampata kwa uangalifu wote, na pembe zake zikakataliwa kwa sababu ya kitaa hicho. Mwaka 2014 chama kilibadili kanuni, kikaruhusu noki za taa pamoja na kamera za kurekodi, kwa hoja kwamba havimsaidii mtu kulenga wala kupiga. Sheria za majimbo zilitembea njia hiyohiyo kwa mwendo wake. Montana, Oregon na Washington zilikuwa zimekataza umeme wa namna yoyote juu ya upinde na mshale. Leo sheria zao bado zinakataza, zikiwa na kifungu kinachozitoa noki za taa.

Waliopinga walisema hivi: betri ya kwanza hufungua mlango kwa ya pili. Leo taa, kesho kipima umbali ndani ya kioo cha kulengea, keshokutwa mshale wenye kifaa cha kutuma mahali ulipo hadi kwenye simu. Mpaka ulio wazi, usio na betri kabisa, ni rahisi kuulinda, na ukishatobolewa kila kampuni itakuja na hoja yake njema. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Vipima umbali vilivyofungwa kwenye upinde vipo sokoni sasa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaozipenda noki hizi hulipita upesi. Majimbo mengi huruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuzama, na ndiyo saa ambayo kulungu hutoka msituni kwenda mashambani kula. Kila dakika inayopita katika nusu saa hiyo, mnyama anazidi kufifia na taa ya noki inazidi kupendeza. Chombo hiki hung'aa vizuri kabisa wakati ambao mtu angepaswa kuwa amekwisha kuushusha upinde. Ni kweli haiwaki mpaka mshale uondoke, haikopeshi hata chembe ya mwanga wakati wa kulenga. Lakini inakopesha moyo. Mtu anayejua kwamba atauona mshale wake baadaye huwa mwepesi kidogo kuuachia. Vipindi vya televisheni vya uwindaji vimechangia, maana mstari mwekundu gizani ni picha nzuri, na mtazamaji aliyeuona mara mia hujifunza kuutamani.

Nimelifikiria pingamizi hilo kwa muda mrefu na sikubali kwamba dawa yake ni kuzima taa. Saa ya kuacha huamuliwa na jicho, na jicho lazima liwe na kipimo chake kisichobadilika. Changu ni bega. Nikiwa siwezi tena kuona mahali manyoya ya bega yanapokutana na ya mbavu, ule mstari hafifu ambapo rangi inageuka, mshale unarudi kwenye podo, hata kama saa ya sheria bado inanipa dakika kumi. Kipimo hicho hakijui kama kuna betri nyuma ya mshale. Mtu asiye na kipimo chake atapiga gizani akiwa na taa au bila taa, na akiwa bila taa hatajua hata alichokifanya.

Huwezi kulizungumza jambo hili Wisconsin bila kumkumbuka Aldo Leopold, mwandishi wa mambo ya uhifadhi. Nyumba yake ndogo ya mbao, banda la kuku alilolikarabati na familia yake, bado imesimama kando ya Mto Wisconsin karibu na Baraboo, katika wilaya ya Sauk, mojawapo ya zile zilizofunguliwa kwa upinde mwaka 1934. Leopold alikuwa mwindaji wa upinde. Alichonga pinde na mishale yake mwenyewe, na mkewe Estella aliwahi kuwa bingwa wa wanawake wa jimbo katika kulenga shabaha. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kina maneno makali juu ya vyombo vinavyouzwa kwa wawindaji, vinavyoning'inia shingoni na kiunoni na kuchukua nafasi ya ustadi. Alishikilia pia kwamba mwindaji hana mtazamaji wala mwamuzi uwanjani, kwa hiyo dhamiri yake ndiyo sheria.

Wengi humtaja Leopold dhidi ya noki za taa. Mimi namsoma upande mwingine, na naamini ninamtendea haki. Kuna vyombo vinavyofanya kazi kabla ya mshale kuondoka, na kuna vinavyofanya kazi baada yake. Vile vya kabla, kimoja kimoja, humpunguzia mnyama nafasi yake: kipima umbali, kamera zinazotuma picha kwenye simu, kapi zenyewe, ambazo Holless Wilbur Allen wa Missouri alizipatia hataza mwaka 1969 na ambazo leo karibu kila mtu anazo bila kuona haya. Hapo kilio cha Leopold kina uzito wake wote, na ningetamani tungekisikia zaidi. Lakini mshale ukishaingia, mnyama hana tena nafasi ya kupokonywa. Alichobaki nacho ni maumivu, mafupi au marefu. Chombo kinachofanya kazi katika upande huo wa mstari kinamnyima mnyama nini? Kinamnyima kuozea vichakani. Ustadi wa kumfuatilia haujapungua pia: mwindaji bado anatafuta tone la damu, jani lililogeuzwa, kwato iliyochimba kwenye tope. Taa imempa tu mahali pa kupiga goti la kwanza.

Wawindaji wa pinde wa kwetu walilijibu tatizo hilohilo kwa njia yao. Wawaata, watu wa nchi kavu iliyo nyuma ya pwani ya Kenya, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu, walimwinda tembo kwa pinde zilizohitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya miti ya jamii ya Acokanthera. Sumu hiyo husimamisha moyo. Ikiwa mbichi na imepakwa vizuri, tembo hafiki mbali, na mfuatiliaji hana haja ya kusubiri usiku kucha kubahatisha jeraha limefika wapi. Sumu iliyochakaa ilikuwa aibu kwa mwenyewe, maana ilimwacha mnyama aende na mateso yake. Na kila mtu alitia alama yake kwenye mshale. Mnyama akipatikana siku ya pili, mshale ulisema nani aliyepiga, na nani mwenye haki ya pembe. Kampeni ya 1956 na 1957 ya kukomesha ujangili Tsavo iliwatia gerezani wengi wao, na mpango wa Galana uliobuniwa baadaye ili wapate kuwinda kisheria haukudumu. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Ninawataja kwa sababu walikuwa wameelewa kwamba mshale hauwezi kuachwa uende bure bila jina. Ulitakiwa umrudie mwenyewe, na umseme.

Kwa atakayezitumia yapo ya mikono, machache. Noki ya kawaida ina uzito wa nusu gramu na kidogo. Ya taa ni gramu moja na nusu hivi. Mshale mzima wa kuwindia una gramu 26 hadi 30, kwa hiyo gramu moja iliyoongezwa nyuma kabisa huvuta mizani ya mshale kinyumenyume, na mshale mwepesi wa mbele huyumba. Mtu akifanya mazoezi kwa noki za kawaida majira yote ya kiangazi kisha akatia za taa siku ya kwanza ya msimu, amebadili mshale bila kujua, na kulungu ndiye atakayelipa. Afanye mazoezi kwa zilezile. Na noki lazima iingie sawasawa na kipenyo cha mshale, maana ikibana sana haiwaki, ikilegea huwaka ndani ya podo na kumaliza betri kabla ya jioni.

Linalobaki kunikera ni betri hizo. Noki nyingi zimezibwa, na betri ikiisha kitu kizima kinatupwa, plastiki na lithiamu pamoja. Ningependa kampuni zote ziuze noki zinazofunguka, kama zinavyofanya baadhi yao, na ningependa majimbo yaliyotoa kifungu cha ruhusa yaongeze sharti hilo. Maana mishale hupotea. Hata yenye taa hupotea, ikiingia kwenye tope la kinamasi au ikizama chini ya shina. Mshale uliokosa mnyama kabisa nao una betri nyuma na nyembe mbele, na katika lile bonde ninakowinda ng'ombe wa jirani huingia kulisha kuanzia Mei. Huo nao unatafutwa mpaka upatikane.